Mbao Zilizokwisha Tumika: Historia ya Nyumba za Mbao na Bati, na Banda Letu la Mayfair





Katika mkutano wetu wa koo uliofanyika baada ya Idi palizuka ubishi juu ya mbao. Waliokuwapo wanaujua, na waliokuwa mbali wamekwisha simuliwa, pengine kwa chumvi kidogo. Nyumba ya Mayfair imeuzwa, ile ambayo uani mwake palikuwa na banda la mbao na bati walimofikia watu wetu wa kwanza mwaka 1996. Mnunuzi alitaka uani pawe peupe. Vijana wetu walilifumua banda kwa siku mbili, na mbao zake sasa zimelala chini ya turubai kwa jamaa yetu mmoja huko Lenasia.

Upande mmoja wasema: mbao kuukuu za nini? Zichomwe, na kile chumba cha kumbukumbu tulichoazimia kukijenga kando ya madrasa kijengwe kwa tofali kama vyumba vingine vya watu. Upande wa pili wasema: la hasha, chumba kijengwe kwa mbao zile zile, kipakwe rangi ile ile, na juu ya mlango paandikwe kwamba hii ndiyo nyumba ya kwanza ya jamaa zetu katika Afrika ya Kusini. Niliombwa nitoe rai, nami nikaomba muda niiandike humu, kwa sababu jambo lenyewe si la mbao zetu tu. Mji huu wa Johannesburg ulianza kwa mbao na bati, na yaliyozipata nyumba za namna hiyo yatatufundisha la kufanya.

Mji usio na miti

Anayeiona Johannesburg leo, na mistari yake ya miti kila mtaa, huenda asiamini kwamba mahali hapa palikuwa nyika ya majani matupu. Nyanda hizi zipo juu, yapata mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na miti ya kujengea haikuwa ikiota yenyewe. Misitu tunayoiona ilipandwa na watu, na mikaratusi mingi ilipandwa kwa ajili ya migodi, ili ipatikane miti ya kuegemeza miamba chini ya ardhi.

Dhahabu ilipotangazwa mwaka 1886 watu walimiminika. Viwanja vya mwanzo vilinadiwa mwezi Desemba mwaka huo huo, na alichokipata mnunuzi ilikuwa haki ya kukaa kwa muda, si ardhi yenyewe. Hakuna aliyejua dhahabu itadumu miaka mingapi. Katika hali hiyo, nani atajenga kwa mawe? Mtu alitaka nyumba inayosimama upesi na kufumuliwa upesi, aipakie katika mkokoteni na kuisimamisha kwingine kama machimbo yatahama.

Nyumba hiyo ilikuwa tayari imekwisha buniwa. Bati la migongo lilivumbuliwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, ambaye aligundua kwamba bamba jembamba la chuma likikunjwa mawimbi hupata nguvu ya kujibeba lenyewe. Mwaka 1837, huko Ufaransa, Stanislas Sorel alipata hati ya ufundi wa kulipaka zinki ili lisishikwe na kutu upesi. Tangu hapo bati likasafiri na walowezi, wachimbaji na majeshi. Kwa Johannesburg lilikuja kwa meli mpaka pwani, kisha kwa mikokoteni ya maksai, kwani reli kutoka Cape haikufika hapa mpaka mwaka 1892. Mbao nazo zilitoka mbali, misonobari ya nchi za Baltiki na ile ya Oregon huko Marekani. Hata leo, ukiingia katika nyumba ya zamani ya mji huu ukatazama sakafu na dari, aghalabu utakuta mbao hiyo ya Oregon, nyekundu, yenye mistari iliyonyooka.

Fikirini basi thamani ya ubao mmoja: umekatwa ng'ambo, umevuka bahari, umepanda milima kwa maksai. Mtu hautupi. Nyumba ikifumuliwa, mbao zake huwa nyumba nyingine, kisha zizi, kisha banda la uani, na mwisho kuni. Kwa hiyo mbao zilizokwisha tumika hazikuwa aibu ya maskini. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya mji.

Mifupa na ngozi

Ufundi wenyewe si mgeni kwetu watu wa mwambao. Kwetu nyumba ya udongo husimama kwa nguzo na fito, na udongo unaokandikwa ni wa kuzuia jua, upepo na macho ya watu. Mzigo wa paa hubebwa na miti. Juu ya nguzo hulazwa mtambaapanya, juu yake makombamoyo hupanda mpaka mwamba wa paa, na pau hushika makuti. Nyumba ya mbao na bati ni hivyo hivyo: kiunzi ni mifupa, bati ni ngozi.

Fundi hulaza kwanza mbao nzito chini, juu ya mawe au matofali. Juu yake husimamisha vijiti vya mraba kwa nafasi zilizo sawa, na juu ya vijiti hulaza mbao nyingine, ndiyo mtambaapanya wao. Pembeni hupigilia mbao za mshazari, nazo ndizo zinazozuia nyumba isilale upande upepo ukivuma. Nje hupigilia bati. Ndani, mwenye uwezo huweka mbao nyembamba zinazoshikana kwa ulimi, na asiye na uwezo huweka magazeti na gundi ya unga. Kiangazi ndani huwa tanuri, na baridi ya Juni huingia kama haina mlango wa kubishia.

Ugonjwa wa nyumba hii huanzia chini. Ule ubao wa kulala ndio unaogusa unyevu na mchwa, nao ndio wa kwanza kuoza, hali juu yake vijiti vizima vinaweza kudumu miaka mia. Fundi mzuri anayechagua mbao kuukuu hazitazami kwa rangi. Huzigonga na kusikiliza, huzichoma kwa ncha ya kisu hasa miisho yake, hung'oa misumari yote kabla ya kutia msumeno, hukata kipande kilichooza na kuunga kipande kipya mahali pake.

Vijana walipokuwa wakilifumua banda letu niliwaomba wanionyeshe mbao moja moja. Tuliona jambo ambalo katika miaka yote tuliyolala mle hatukuliona. Vijiti kadhaa vilikuwa na matundu ya misumari yasiyolingana na chochote. Kimoja kilikuwa na vishimo viwili vya bawaba, maana yake kilikuwa mwimo wa mlango wa nyumba nyingine kabla ya kuwa ukuta wetu. Kingine kilikuwa na rangi ya kijani upande uliofichwa na bati, na rangi hiyo haikuwapo popote pengine. Banda lenyewe, basi, lilijengwa kwa mbao zilizokwisha tumika. Kabla ya kuwa letu lilikuwa la watu wengine, na kabla ya hao, mbao zake zilikuwa nyumba tusiyoijua.

Moto wa mwaka 1904

Si kila mbao ilipata bahati ya kutumika mara ya pili. Magharibi ya mji wa zamani, mahali panapoitwa Newtown leo, palikuwa na mtaa walimowekwa Wahindi, na Waafrika na wengineo waliishi humo pia. Mwezi Machi mwaka 1904 tauni iliingia. Wakuu wa mji waliwahamisha wakazi kwa treni hadi shamba la Klipspruit, wakawaweka katika mahema, na mtaa ukatiwa moto. Mahali walipopelekwa ndipo inapotajwa mizizi ya mji tunaouita Soweto.

Gandhi, aliyekuwa wakili hapa na aliyewauguza wagonjwa wa tauni ile, amesimulia katika maisha yake kwamba manispaa ilizichoma pia mbao zake zote zilizokuwa sokoni, kwa kuwa panya waliokufa walionekana humo, na hasara ilifika kama pauni elfu kumi. Nayataja hayo kwa sababu mbili. Kwanza, mjue kwamba mji huu umekwisha choma mbao nyingi kuliko tulizo nazo chini ya turubai, na mara nyingine kwa sababu ya haki. Pili, mtazame kilichopotea. Nyumba zilipoungua haikupotea mbao tu. Ulipotea ushahidi kwamba watu fulani walikaa mahali fulani. Ndiyo maana jina Newtown, yaani mji mpya, liliweza kuwekwa juu ya majivu bila kumsumbua mtu.

Bati la ghala huko Phoenix

Mwaka ule ule wa 1904 Gandhi alinunua ardhi ya Phoenix karibu na Durban, ekari mia moja kwa pauni elfu moja, ili gazeti la Indian Opinion lichapishwe huko na wachapaji wajilimie chakula chao. Jengo la kwanza lilikuwa la mtambo wa kuchapia. Mfanyabiashara wa Durban, Parsi Rustomji, alitoa mabati yaliyokwisha tumika ya ghala kubwa pamoja na vifaa vingine vya ujenzi. Maseremala na waashi wa Kihindi waliokuwa pamoja na Gandhi katika vita vya Makaburu walikuja kusaidia, na jengo la futi 75 kwa 50 likasimama kwa muda usiotimia mwezi. Kwa hiyo mahali ambapo leo wageni huja kutoka duniani kote palianza kwa ngozi kuukuu ya ghala. Hakuna aliyeona haya.

Shamba la Tolstoy

La pili lipo karibu nasi zaidi, upande wa Lawley, si mbali na pale zilipolala mbao zetu. Tarehe 30 Mei 1910 Hermann Kallenbach, msanifu majengo Myahudi aliyezaliwa Ulaya na kuhamia Johannesburg mwaka 1896, aliwapa Gandhi na wenzake shamba lake la ekari 1,100 walitumie bila kodi. Walikuwa wakipigania haki za Wahindi wa Transvaal, na familia za waliofungwa zilihitaji mahali pa kukaa. Palikuwa na karibu miti elfu moja ya matunda, visima viwili, chemchemi, na nyumba moja ndogo ya kutosha watu sita hivi. Johannesburg ilikuwa maili 21, na walioweza waliuendea mji kwa miguu wakiondoka usiku wa manane.

Walijenga wenyewe jengo la wanawake kumi na jengo la wanaume sitini, nyumba ya Kallenbach, shule na karakana. Yote yalikuwa ya bati juu ya kiunzi cha mbao, kwa kuwa fedha zilikuwa chache. Kallenbach alisimamia. Seremala Mgujarati aitwaye Narayandas Damania alifanya kazi bila ujira, akawaleta na wenzake kwa malipo madogo. Mbao zilipatikana zimekwisha pasuliwa kwa vipimo, wao wakawa wa kukata na kupigilia tu. Wakati huo wote walikaa katika mahema.

Watoto wetu wa madrasa wangependa kujua na hili: shambani palikuwa na Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wakristo, na Ramadhani ilipofika vijana wa Kiislamu walihimizwa wafunge, na wenzao wasio Waislamu wakafunga pamoja nao ili wasijione wapweke. Hayo yalitendeka chini ya mabati, katika nchi iliyokuwa ikiwatenga watu hata njiani.

Mwaka 1913 shamba lilikwisha kazi yake, na mwaka 1914 Gandhi aliondoka Afrika ya Kusini. Nyumba zile zikabaki, kisha zikaanza kupungua. Bati likang'olewa, ubao ukachukuliwa, mlango ukaondoka, mpaka ukabaki msingi na majani. Katika miaka ya karibuni pamefanywa juhudi za kupanda miti tena na kuparudishia mahali pale heshima yake. Lakini mbao zilizopigiliwa na Damania ziko wapi? Zimo katika mabanda ya watu, au zilikwisha kuwa majivu zamani.

Mbao tatu

Nilipokuwa nikiandika sehemu hiyo kalamu yangu ilitaka kuwalaumu walioibomoa nyumba ya Tolstoy kipande kwa kipande. Nikaizuia, kwa sababu ya jambo ambalo sijalisema hadharani mpaka leo.

Julai mwaka 1998 tulikuwa watu tisa katika lile banda. Baridi ilikuwa ya kugandisha maji ndooni, na mtoto mmoja miongoni mwetu alikuwa na homa ya kifua. Makaa yalikwisha na fedha hatukuwa nazo. Nilibandua mbao tatu za ukuta wa ndani, nikazikata kwa goti, nikaziwasha katika mbaula pale mlangoni. Ubao wa tatu ulikuwa umechongwa kwa kisu upande wa nyuma: jina la mtu na tarakimu za mwaka. Nililisoma lile jina kwa mwanga wa moto. Kisha nikautia ubao motoni.

Mtoto alipona, alhamdulillahi, na leo ana watoto wake. Kama usiku ule ungerudi ningezichoma tena, wala sitamwomba mtu radhi kwa hilo. Linaloniuma ni jingine. Nilikuwa na kalamu mfukoni na daftari chini ya mto. Mimi mwalimu, niliyewaambia wanafunzi kwa miaka mingi waandike tarehe juu ya kila ukurasa, sikuandika lile jina. Leo silikumbuki. Mtu yule alikaa mahali tulipokaa sisi, pengine alikuwa mgeni kama sisi, na alitaka ajulikane kwamba alipita. Alitegemea ubao, na ubao ulikuja mikononi mwangu.

Tangu hapo najua kwamba mbao zina haki ya kutumika, hata kwa moto ikibidi. Habari zake ndizo zisizo na ruhusa ya kuungua pamoja nazo.

Kilichoungua na kilichojengwa tena

Tuirudie Phoenix. Mwezi Agosti mwaka 1985, katika machafuko yaliyoikumba Inanda, nyumba ya Gandhi iitwayo Sarvodaya iliteketezwa na majengo mengine yakaharibiwa. Ya mbao na bati ilibaki kidogo sana. Hata hivyo ilijengwa upya mahali pake, na mwezi Februari mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki akapafungua mahali pale kama makumbusho. Iliwezekanaje Phoenix kusimama tena? Hazikuwa mbao zilizookolewa. Mahali palijulikana, picha zilikuwapo, maandishi yalikuwapo, na watu waliopakumbuka walikuwa hai. Na mgeni anayekwenda huambiwa wazi kwamba nyumba iliungua na kwamba hii imejengwa baadaye.

Hapa hapa mjini, juu ya kilima cha Constitution Hill, tuna mfano wa namna nyingine. Jela ya mahabusu ilipovunjwa ili kupisha Mahakama ya Katiba iliyofunguliwa mwaka 2004, matofali yake hayakutupwa. Yamo katika kuta za chumba wanamokaa majaji, na ngazi nne za jela ile zimeachwa zisimame. Ukiingia huambiwi kwamba upo jelani. Unaambiwa: tofali hizi ni za jela, na sasa zinafanya kazi nyingine. Mfungwa wa zamani akizigusa anazijua, na mtoto aliyezaliwa jana anaelezwa.

Wanaolinda majengo ya kale wana kanuni juu ya jambo hili, iliyowekwa katika Mkataba wa Venice wa mwaka 1964. Inasema kwamba kipande kipya kinachoziba pengo la kilichopotea kipatane na jengo zima, lakini kitofautike na cha asili, ili matengenezo yasije yakawa uongo. Sheria ya urithi ya nchi hii, namba 25 ya mwaka 1999, nayo yasema kwamba jengo lililozidi umri wa miaka 60 halibomolewi wala halibadilishwi bila kibali cha mamlaka ya urithi ya jimbo. Niseme kweli: sisi hatukujua umri wa lile banda, wala hatukuuliza. Nayasema ili safari nyingine tuulize kwanza, kisha ndipo tushike nyundo.

Rai yangu

Kwa wale wanaotaka mbao zitupwe na chumba kijengwe kwa tofali kwa kuwa tofali hudumu, nawakumbusha Beit al-Ajaib. Ilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 kwa mawe na chuma, na ikanusurika mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896. Wengi wetu tulipelekwa kuitazama tukiwa wadogo. Ilikuwa makumbusho, na bado sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Tuliokuwa huku tuliziona picha katika simu zetu tukanyamaza kimya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mawe haukusamehewa sharti hilo.

Kwa wale wanaotaka chumba kiitwe nyumba yetu ya kwanza, nasema hivi: hiyo si kweli. Banda lile lilikuwa Mayfair, na Mayfair halipo tena. Mbao zilizookolewa ni chini ya nusu. Na lile lenyewe lilikuwa limejengwa kwa milango ya wengine. Tukiandika tulivyotaka kuandika, wajukuu wetu watakuja kusimama mbele ya chumba na kuamini kwamba tulikaa pale, kando ya madrasa, hali sivyo. Siku wakigundua, watauliza na mengine tuliyowaambia.

Basi naomba tufanye haya. Mbao zilizo nzima zitumike kwa kiunzi cha chumba kipya, kwa ukubwa unaotokana na zilivyo, si kwa ukubwa wa ndoto zetu. Ubao wa kulala chini uwe mpya kabisa, uwekwe juu ya matofali na karatasi ya kuzuia unyevu, kwa maana hapo ndipo nyumba hufia. Kila ubao mpya uachwe bila rangi na uchongwe mwaka wake kwa patasi. Kile kijiti chenye vishimo vya bawaba kiwekwe pa kuonekana, kisifichwe. Nje pawe na bati, ndani pawe na kinga ya joto na baridi, kwani pasipoti za wazee, barua, kanga na picha zitakazowekwa humo hazitastahimili tanuri tulilolistahimili sisi.

Kabla ya msumari wa kwanza, paletwe daftari. Kila ubao upewe namba. Mbele ya namba iandikwe ulikuwa wapi katika banda, nani anakumbuka nini juu yake, nani aliufumua, na umewekwa wapi sasa. Majina ya wote waliolala mle tangu 1996, hata waliokaa wiki moja wakaenda zao Cape Town au wakarudi nyumbani, yaandikwe humo. Wazee waulizwe mwaka huu huu, wasingojewe. Daftari liwe na nakala tatu, na moja ikae kwa jamaa zetu walio nje ya mji huu, kwani moto hauchagui.

Juu ya mlango paandikwe maneno machache: kwamba chumba hiki kimejengwa mwaka huu, kwa mbao za banda la Mayfair, ambazo kabla yake zilikuwa za watu tusiowajua.

Na katika ukurasa wa kwanza wa daftari naomba mniachie mstari mmoja mtupu, karibu na namba moja. Mstari huo ni wa mwenye jina lile. Sina la kuandika humo. Lakini atakayelifungua daftari na auone mstari, aulize kwa nini uko wazi, na aliye karibu amweleze.

Wabillahi tawfiq.